Modi saba za gitaa zote zanilia sawa: nizishike vipi?

Mwanakwaya wa Tudor aliuliza:

Habari zenu, wapenzi wa gitaa. Mimi hupiga gitaa la rithimu katika kikundi cha kanisa hapa Tudor, na kordi za kawaida (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), hata zile za kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, hazinisumbui tena. Ninachotaka sasa ni kupiga solo yenye kueleweka, nisiwe mtu wa kupapasa noti mpaka nibahatishe. Katika kutafuta njia nimekutana na somo la modi, yaani skeli (ngazi za noti) saba: Ionia, Doria, Frigia, Lidia, Miksolidia, Eolia na Lokria, nami nikazihifadhi zote saba kama zilivyochorwa, kila moja na umbo lake la vidole juu ya shingo ya gitaa. Kwa C meja umbo la kwanza laanzia freti ya 8 ya uzi wa sita (freti ni vile vyuma vinavyoigawa shingo), la pili freti ya 10, na kuendelea hivyo mpaka mwisho.

Tatizo langu ni kwamba nikizipiga zote mfululizo, sikio langu lasikia kitu kimoja tu, nacho ni C meja inayoanzia mahali tofauti. Doria ya D ina noti zile zile za C meja, Frigia ya E vivyo hivyo, na hata hiyo Lokria inayotajwa kwa hofu haina noti yoyote mpya. Ikiwa noti ni zile zile, tofauti iko wapi, na kwa nini zipewe majina saba?

La pili ni kwamba mwenzangu mmoja, mfuatiliaji mkubwa wa taarab, ameniambia kuwa modi ni jambo lile lile ambalo wapiga udi wa Mji wa Kale huliita makamu, na kwamba mtu akiijua Frigia amekwisha kuijua makamu ya Hijazi. Nimejaribu, na kwa masikio yangu hazifanani hata kidogo. Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa utaratibu, na ikiwezekana anipe zoezi la gitaa moja la kawaida, kwa kuwa nyumbani sina kinanda wala mtu wa kunipigia kordi.

Fundi wa Nyuzi, Ganjoni, alijibu:

Ndugu yangu, shaka yako ni ya haki, na chanzo chake ni namna somo hili linavyofundishwa. Ukizipanga modi saba juu ya noti zile zile za C meja na kuzipiga moja baada ya nyingine, sikio halina sababu ya kuiacha C. Litaendelea kuingoja irudi, na kila umbo litasikika kama C meja iliyoanzwa katikati. Noti unayoanzia haikupi modi. Inayokupa modi ni ile noti ambayo wimbo mzima unaiegemea na kutua juu yake, pamoja na umbali wa kila noti nyingine kutoka kwayo.

Wewe ni mtu wa kwaya, basi tutumie solfa. Katika do, re, mi ya kawaida, hatua ya mi kwenda fa na ile ya ti kwenda do ni za nusu toni, yaani freti moja, na hatua zilizobaki zote ni za toni nzima, yaani freti mbili. Chukua noti hizo hizo, ila wimbo utue juu ya re: ukipanda kutoka re hadi re ya juu, nusu toni zimehamia kati ya noti ya pili na ya tatu, na kati ya ya sita na ya saba. Hiyo ndiyo Doria. Ukitua juu ya mi, nusu toni yaja mara tu baada ya noti ya msingi, na hiyo ni Frigia. Fa hutoa Lidia, so hutoa Miksolidia, la hutoa Eolia ambayo wengi huijua kama skeli maina ya asili, na ti hutoa Lokria.

Maelezo hayo yatabaki kuwa nadharia tupu mpaka uzipige modi zote kutoka noti moja ya msingi. Kwa hiyo yaweke kando yale maumbo kwa muda. Tumia uzi wa kwanza peke yake, ile E nyembamba, na uuache uzi wa sita, E nene, ulie wazi chini yake. Ugonge kwa kidole gumba kila sauti yake inapofifia. Kwa kuwa nyuzi zote mbili ni E, noti ya msingi haiwezi kukupotea, na kwa kuwa unatembea juu ya uzi mmoja, namba ya freti ndiyo umbali wenyewe kutoka kwenye msingi. Ionia itakuwa 0, 2, 4, 5, 7, 9, 11, 12. Ipige polepole, ukipanda na kushuka, kisha jaribu kuiimba kila noti kabla ya kuigusa. Kazi hii wanakwaya huiweza kuliko wapiga gitaa wengi.

Sasa badilisha noti moja tu kwa wakati. Ishushe ile ya freti ya 11 iwe ya 10, na umepata Miksolidia. Ishushe ya 4 iwe ya 3, nawe umeingia Doria, na hapo ndipo sauti inapogeuka kutoka meja kwenda maina. Ishushe ya 9 iwe ya 8, ni Eolia. Ishushe ya 2 iwe ya 1, ni Frigia, na utasikia jinsi F ile inavyoikaba E ya msingi. Ukiishusha pia ya 7 iwe ya 6 umefika Lokria, ambayo sikushauri kuipotezea muda kwa sasa, kwa sababu noti ya tano ikishapungua, ule msingi wenyewe hauna wa kuushikilia. Lidia iko upande wa pili: rudi kwenye Ionia na, badala ya kushusha, ipandishe ya 5 iwe ya 6. Ukizipanga kwa njia hii utaona kwamba kila modi inapishana na jirani yake kwa noti moja tu, jambo ambalo yale maumbo saba ya C meja yalikuficha.

Usizikimbilie zote. Kaa na Doria na Eolia mpaka uweze kuzitofautisha ukiwa umefumba macho. Piga 7, 9, 7, 5, 3, 0 huku uzi wa sita ukilia, halafu piga 7, 8, 7, 5, 3, 0. Ni noti moja iliyohama kwa freti moja, lakini kishazi cha kwanza kina uwazi fulani ndani ya maina yake, na cha pili kimezama kabisa katika huzuni.

Na hayo majina ya Kigiriki yasikutishe. Mpangilio wa leo haulingani na ule wa Wagiriki wa kale. Kanisa la Ulaya ya zama za kati lilihesabu modi nane, na Ionia na Eolia ziliingizwa katika hesabu na mwanazuoni wa Uswisi, Heinrich Glarean, mwaka 1547. Kwa mpiga gitaa hizo ni lakabu tu.

Solo wa Bamburi alijibu:

Zoezi la uzi mmoja alilolitoa Fundi ni zuri, na sina la kuongeza juu yake. Hata hivyo, mwenye swali alisema anataka kupiga solo katika kikundi cha kanisa, na hapo naona ni vizuri aambiwe mapema mahali ambapo modi zitamfaa na mahali ambapo zitamchelewesha.

Nyimbo nyingi za kwaya zetu, pamoja na rumba, benga, na zile ambazo sisi wa hotelini huwapigia wageni usiku kucha, zimesimama juu ya kordi tatu za skeli meja. Ukiwa G, kordi hizo ni G, C na D. Wapo wanaofundisha kwamba kordi ikiingia C ubadili mawazo uwe katika Lidia ya C, na ikiingia D uwe katika Miksolidia ya D. Kwa kweli huo ni mzigo wa majina, kwa maana hakuna noti hata moja iliyobadilika, na wimbo bado unatua G. Kinachobadilika ni noti zipi zinatulia na zipi zinaning'inia. Juu ya kordi ya G zinatulia G, B na D. Juu ya C zinatulia C, E na G. Juu ya D zinatulia D, F-shapu (F iliyopandishwa nusu toni) na A. Msikilize mpiga solo yeyote hodari wa rumba: hupiga noti mbili mbili kwa pamoja, ya juu ikiwa ni ya tatu au ya sita katika skeli ukiihesabu ya chini kuwa ya kwanza, na jozi hizo hufuata kordi kwa uaminifu kiasi kwamba hata rithimu ikinyamaza utajua wimbo uko wapi. Kwa muziki wa namna hiyo, saa moja ya kuzitafuta noti za kordi tatu katika kila sehemu ya shingo ina faida kuliko wiki nzima ya Frigia.

Modi huanza kufanya kazi pale ambapo kordi hazisafiri sana. Zikirudiwa E maina na A meja bila kikomo, uko katika Doria upende usipende, kwa sababu A meja ina C-shapu, ambayo ndiyo ile freti ya 9 ya Fundi. Ukilazimisha Eolia na kugonga freti ya 8 kordi hiyo inapopita, utasikia mgongano ambao hata mtu asiyepiga ala yoyote ataukunjia uso. Zikizunguka E meja, D na A, huku zikitua E, hiyo ni Miksolidia, kwa kuwa D ni ile freti ya 10. Kwa hiyo usiulize kwanza, "Nitumie modi gani?" Zitazame kordi, utafute ni noti gani ndani yake isiyokubaliana na meja au maina ya kawaida, na modi itajitaja yenyewe.

Yale maumbo saba nayo usiyatupe. Hapa natofautiana kidogo na Fundi, kwa sababu nimeona vijana wenye masikio makali wanaokwama wimbo ukihama kutoka G kwenda A-flati (A iliyoshushwa nusu toni), eti kwa kuwa hawajui mkono uende wapi. Yahifadhi, lakini ndani ya kila umbo uzitie alama noti za kordi, uzijue kwa kidole na kwa sikio.

Risha wa Kibokoni alijibu:

Salaam aleikum. Vijana wamelieleza gitaa vizuri, nami nitagusa sehemu ya makamu peke yake, kwa kuwa mwenzako amekupa habari nusu.

Sikio lako limekuambia kweli: Frigia siyo Hijazi. Kwa hesabu ya uzi mmoja, Frigia ni 0, 1, 3, 5, 7, 8, 10, 12. Ipandishe ile ya 3 iwe ya 4, upate 0, 1, 4, 5, 7, 8, 10, 12, na papo hapo utaitambua, kwa sababu kati ya 1 na 4 pana pengo la freti tatu ambalo mtu aliyelelewa Mombasa amelisikia tangu utotoni katika harusi, hata kama hajawahi kulitia jina. Makamu iliyo jirani na Frigia huitwa Kurdi. Ajami iko karibu na meja, na Nahawandi iko karibu na maina, ingawa katika kupanda noti yake ya saba mara nyingi huinuliwa. Wapiga gitaa wa flamenko wa kusini mwa Uhispania hutembea kati ya Frigia na hiyo Hijazi kila siku: wanashuka A maina, G, F, kisha wanatua juu ya E meja, na ile G iliyokuwa ya kawaida inageuka G-shapu pale pale wanapotua. Zipige kordi hizo nne kwa utaratibu huo, na solo yako ifuate freti ya 3 au ya 4 kulingana na kordi inayopita.

Lakini kusema kwamba makamu ni skeli ni kulipunguza jambo. Makamu hujengwa kwa vipande vidogo vya noti tatu, nne au tano, na kila kipande kina mahali pake pa kutulia. Katika Hijazi, kipande cha chini ni hicho chenye pengo. Kipande cha juu, kinachoanzia noti ya nne, huweza kuwa Nahawandi, nacho ndicho kilichomo katika zile namba nilizokupa, au kikawa Rasti, hasa lahani inapopanda. Mpigaji huanza chini, akaitambulisha makamu, akapanda kwa hatua, akagusa makamu jirani, kisha akarudi kutua. Njia hiyo ndiyo makamu. Mtu anaweza kuzijua noti zote za Hijazi na asimpigie mtu Hijazi hata siku moja.

Pia lipo suala ambalo freti haziwezi kulisamehe. Katika Rasti noti ya tatu si ya meja wala si ya maina, iko kati yake. Katika Bayati ni ile ya pili iliyo katikati hivyo hivyo. Udi hauna freti, kwa hiyo kidole hukaa panapotakiwa, na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, ina vijiti vidogo vya kuinua na kushusha kila uzi. Hata katika Hijazi wapiga udi wengi hulibana lile pengo kidogo, noti ya chini ikainuliwa unywele na ya juu ikashushwa unywele, ndiyo maana Hijazi ya gitaa husikika imenyooka mno. Msikilize Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kupiga udi hapa Mombasa, uone mkono wa kushoto unavyozitafuta noti hizo. Taarab yenye mahadhi ya Kihindi, ambayo Juma Bhalo alisifika nayo, itakuwia nyepesi zaidi, kwa kuwa mahadhi ya filamu za Kihindi hupigika kwenye kinanda, na kinachopigika kwenye kinanda gitaa nalo hulipata.

Mwanakwaya wa Tudor aliandika tena:

Shikamoo Mzee Risha, na nawashukuru nyote. Nimelifanya zoezi la uzi mmoja, na Doria na Eolia sasa zinatengana wazi. Kumbe muda wote nilikuwa nasikiliza vidole badala ya msingi. Kordi za E maina na A nilizirekodi kwa simu nikazipigia, na freti ya 8 ilinijibu kama Ndugu Solo alivyosema.

Nimebaki na mambo mawili. Kwanza, nikitoka kwenye uzi mmoja kwenda nyuzi nyingine, zile namba zinavurugika na ninarudi kwenye kupapasa. Pili, kuna gitaa kuukuu nyumbani, na nimeanza kufikiria kuling'oa freti ili niipate hiyo Rasti. Je, ni busara?

Fundi wa Nyuzi alijibu:

La kwanza nitalijibu mimi. Nyuzi za gitaa zimeachana kwa freti tano, isipokuwa uzi wa tatu na wa pili, yaani G na B, ambao umbali wao ni freti nne. Vurugu lako karibu lote linatoka hapo. Kaa na Doria ile ile ya E, uzi wa sita uendelee kulia wazi, na uanzie uzi wa nne: freti ya 2, 4 na 5. Ingia uzi wa tatu: 2, 4 na 6. Malizia uzi wa pili: 3 na 5, ukatua juu ya E. Kisha ipige Eolia kwa njia hiyo hiyo, na utaona kwamba kilichobadilika ni kimoja tu, ile freti ya 6 ya uzi wa tatu imekuwa ya 5. Usihesabu freti tena unapokuwa huku. Taja noti kwa nafasi yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku ukiziimba, mpaka uijue sita ya Doria popote inapoangukia. Ukimaliza hapo, anzia E iliyo freti ya 7 ya uzi wa tano, na umbo utalijenga mwenyewe.

Risha wa Kibokoni alijibu:

Marahaba, mwanangu. Freti usizing'oe. Gitaa lisilo na freti linakupa noti moja moja, lakini ukishika kordi kila kidole kinatakiwa kikae sawasawa bila msaada wowote, nawe bado una kwaya ya kuitumikia. Mtu akitaka ala isiyo na freti, atafute udi wa kuazima.

Kwa gitaa ulilonalo, vuta uzi. Rasti juu ya E ni 0, 2, kisha noti iliyo kati ya freti ya 3 na ya 4, kisha 5, 7, 9, kisha iliyo kati ya 10 na 11, kisha 12. Uzi ukivutwa sauti hupanda tu na kamwe haishuki, kwa hiyo noti ya katikati siku zote utaitafuta kutokea chini: weka kidole freti ya 3 na uusukume uzi wa kwanza kuelekea wa pili mpaka sauti ipande robo toni, nusu ya njia kuelekea freti ya 4. Anza na noti hiyo ya tatu peke yake, ukiilinganisha na rekodi ya udi, kabla hujaigusa ya saba. Uzi wa chuma ndio utakaokutii, kwa sababu wa nailoni ukiuvuta hivyo sauti haipandi kwa kiasi cha kutosha. Nao uufute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, maana hewa yetu ya chumvi haichelewi kuula, na uzi wenye kutu hukatika mapema ukivutwa.